Kuku wa Kumaliza Maneno

Mwindaji alipiga hodi kabla ya kuingia msituni. Alisimama pale shamba la mwisho la chai linapokutana na miti, akavua kofia, akakohoa kwa nguvu, kisha akangoja. Alingoja nini, sikuwahi kujua. Siku moja nilimwuliza kama kuna mtu aliyewahi kumwitikia karibu. Alinitazama kwa namna ninavyoitazama cherehani yangu inapokata uzi, akasema, "Mama, wewe ukikuja kwangu unaingianga tu mpaka jikoni?" Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimeingia mpaka jikoni kwake kuomba chumvi bila kubisha, na alijua.

Tulimwita Mwindaji, ingawa miaka yote niliyoishi jirani naye hakuwinda. Kazi yake ilikuwa kulinda msitu. Kikundi cha wanakijiji wa upande wetu wa Shinyalu kilimweka azunguke huko ndani aone nani anakata miti, nani anachoma makaa, nani anatega wanyama. Wakubwa wa msitu walimwita skauti. Jina hilo hakulipenda hata kidogo, alisema skauti ni watoto wenye soksi ndefu. La Mwindaji aliliitikia vizuri, hata mbele ya wakubwa hao, hata siku ile mkubwa mmoja alipomnong'oneza kwamba jina kama hilo linaharibu sura ya kazi. Alimjibu kwa sauti ya kawaida kwamba jina ni la watu, si lake, na kama analitaka aende akawanyang'anye watu.

Mimi ni fundi wa nguo. Kibanda changu kiko kando ya njia itokayo sokoni kwenda msituni, na nyumba yangu inapakana na yake. Nilimwona akienda asubuhi na akirudi jioni kwa muda mrefu kuliko Mungu alivyoniruhusu kumwona mume wangu. Kwa hiyo ninapomweleza simwelezi mtu wa kusimuliwa. Nilimshonea suruali zake zote, na naweza kuwaambia kwamba zilichanika magotini kabla ya kuchanika kwingine, kwa sababu ya kupiga magoti kutazama nyayo.

Kikundi kilimpa buti nzuri, nyeusi, zenye soli nene. Alizivaa kanisani. Msituni alikwenda na akala, viatu vile vya mpira wa gari, na alipokaripiwa alisema buti zinamfanya asisikie ardhi. Nilimcheka nikamwambia ardhi ya kanisani basi haisikii kabisa. Akasema ya kanisani ni ya simenti, haina habari yoyote.

Jambo lililowashangaza wageni ni kwamba aliipenda nyama ya porini na hakuona aibu kuisifu. Wanafunzi wa chuo walipoletwa kutoka mjini kuuona msitu, yeye ndiye aliyewatembeza, na kila mara alifika pahali akawaonyesha kwato ndogo kwenye matope na kuanza. "Huyu ni paa. Nyama yake inashinda ya mbuzi mbali sana. Ukule na obusuma, ugali yetu ya wimbi, na mrenda kando, unaweza kusahau jina ya mama yako." Mwalimu wao alikohoakohoa. Msichana mmoja akamwuliza, akiwa amekasirika kweli, "Sasa mzee, kama unazipenda kuzikula hivyo, mbona unazilinda?" Mwindaji akamwangalia kwa huruma. "Na wewe," akasema, "kitu yenye hauipendi, utailinda ya nini?"

Nilikuwa nimewapelekea chai siku hiyo na nilisikia kwa masikio yangu. Wengine walidhani anatania. Hakuwa akitania. Kwake yeye mtu aliyewahi kumkimbiza paa kwa miguu yake, akamkosa, akarudi nyumbani na njaa, huyo ndiye anayejua paa ni kitu gani. Alisema hivyo bila majivuno, kwa namna ambayo mimi ningesema huwezi kujua bei ya kitambaa kama hujawahi kukikata vibaya.

Uwindaji wa ujana wake ulikuwa wa mbwa na nyavu. Mbwa walivishwa kengele shingoni, wanaume walijipanga kwa mstari, wengine wakashika nyavu upande wa pili, na kelele ilisikika mpaka ng'ambo. Serikali ilikuwa imekwisha kuukataza. Wao waliendelea kwa kujificha, ingawa sijui mtu hujifichaje na kengele. Alipenda kunieleza sheria zao nikiwa kwenye cherehani, ameketi kwenye benchi la wateja kana kwamba amelinunua. Wakati wa mvua ndefu, majike wakiwa na mimba, mbwa walifungwa nyumbani. Paa mwenye mimba akinaswa kwenye wavu alifunguliwa, hata kama mchana kutwa hawakupata kitu. Mtu hakuingia porini akiwa amegombana na mkewe. Kulikuwa na nyingine nyingi, na baadhi naamini alizitunga palepale ili asiondoke kwenye kivuli cha kibanda changu.

Moja hakuitunga, kwa maana wazee wengine waliniambia vilevile. Kijana akivunja sheria ya porini, baba yake mwenyewe ndiye aliyempeleka mbele ya wenzake, kijana akiwa amebeba kuku. Kijana alisema alichokosa. Kuku alichinjwa palepale, wakala wote, aliyekosa na waliokosewa, na wakishakula hakuna aliyeruhusiwa kulitaja kosa lile tena maisha yake yote. Walimwita kuku wa kumaliza maneno. Mwindaji aliwahi kumbeba ujanani, kwa kuwafungulia mbwa wakati wa mvua. "Nilitetemeka," aliniambia akicheka. "Kuku ilitetemeka. Baba alitembea mbele, hakuangalia nyuma. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa mtu, mama. Nilirudi nikiwa mtu kabisa."

Aliacha kuwinda ghafla siku moja, bila mtu kumlazimisha. Walikuwa wameingia asubuhi, mbwa wakatangulia, na kengele zikalia msitu mzima na hakuna kilichokimbia mbele ya mbwa. Hakuna hata panya. Alisema wenzake walimlaumu mganga, wengine wakawalaumu mbwa, na yeye akakaa kwenye gogo akisikiliza kengele zikienda na kurudi bure. Alirudi akawavua mbwa wake kengele. Miaka baadaye kikundi kilipotafuta watu wa kulinda, alikwenda kuomba kazi, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata mimi nilicheka. Nilikuwa mgeni, nimeolewa juzi, na nilicheka ili nionekane nimekielewa kijiji.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni mtego wa waya. Vijana huchukua waya wa klachi wa pikipiki iliyokufa, wanauzungusha kitanzi, wanaufunga kwenye mti mdogo kando ya kijia cha wanyama, wanakwenda zao. Alirudi jioni na mitego hiyo imemning'inia begani. "Mbwa unaita, anarudi," alisema. "Mkuki uko kwa mkono yako, unaweza kuishika. Hii hapana. Wewe umeenda nyumbani unakunywa chai, yenyewe inaua tu. Haiangalii kama ni mama, haiangalii kama ni mtoto." Alikuwa akiongea taratibu siku zote, lakini akifika hapo sauti ilimpanda, mate yakamtoka, na nilisogeza vitambaa vyangu. Waya zenyewe hakuzitupa. Kamba yangu ya kuanikia nguo ilitengenezwa nazo, na banda lake la kuku pia.

Msije mkadhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mgomvi, mbishi, mchoyo wa maneno mazuri. Mke wake alipokuwa hai alikuwa akisema angetaka kuzaliwa paa ili aulizwe amelalaje. Mimi mwenyewe alinifukuza msituni na mzigo wa kuni kichwani, mbele ya wanawake wenzangu, akinitaja kwa jina langu la kanisani kama vile hatujuani. Nilikaa bila kumsalimia. Kesho yake asubuhi nilikuta kuni mlangoni, zimekatwa kutoka miti yake mwenyewe, zimepangwa vizuri, na yeye tayari ameshapita. Hakuomba msamaha. Kuomba msamaha kulimshinda kama kushona kulivyomshinda.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume. Nasema mtoto, lakini wakati wa maneno haya alikuwa mwanaume mzima mwenye mke na pikipiki ya kubeba abiria. Sijaona baba na mwana waliofanana hivyo kwa ubishi. Waligombana juu ya kila kitu, halafu unawakuta jioni wamechuchumaa nyuma ya nyumba, baba anamwonyesha mwana kitu kwenye udongo, vichwa vimegusana. Alimfundisha nyayo, alimfundisha sauti za ndege, alimfundisha fundo la ukoo wao, linalozungushwa kwa kushoto na kurudishwa chini, ambalo kijana alilitumia kufungia magunia ya mahindi kwenye pikipiki. Mizigo yake haikuwahi kuanguka. Baba yake alijisifia fundo hilo kwa watu ambao hata hawakumwuliza.

Ilikuwa mvua ndefu Mwindaji alipomkuta paa jike kwenye waya. Alikuwa amekufa, na tumboni kulikuwa na mtoto aliyekaribia kuzaliwa. Mwindaji alipiga magoti kuufungua waya kwenye mti, na mkono wake ukakuta fundo la kuzungushwa kwa kushoto.

Alirudi nyumbani, akamngoja mwanawe amalize kula. Akamwuliza. Kijana hakukana. Alisema mke wake amejifungua, damu imempungua, mama mkwe amesema apate supu ya nyama ya porini kama walivyopewa wao zamani, naye akaona waya mmoja tu hautaumaliza msitu. Mwindaji alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele, kijana mwenyewe aliniambia, na hilo ndilo lililomtisha. Alisema tu, "Kesho tutaenda na kuku, tutarudi."

Asubuhi walipita mbele ya kibanda changu. Baba mbele, bila kuangalia nyuma. Mwana nyuma, amevaa shati safi, amembeba kuku mwekundu kwapani. Nilipiga kelele nikamwuliza kama anakwenda kuposa mke wa pili. Alicheka. "Tunaenda kwa ofisi ya msitu kumaliza maneno, mama. Weka chai, tunarudi sasa hivi." Mwindaji naye akageuka kidogo, na uso wake ulikuwa mzito lakini haukuwa wa huzuni. Ulikuwa uso wa mtu anayefanya kitu kigumu anachokijua vizuri.

Nikaweka chai.

Ya ofisini nilielezwa na askari mmoja mama, mteja wangu wa sare, aliyekuwepo. Wakubwa waliozoea kukaa pale walikuwa wamehamishwa, na mkubwa alikuwa mgeni kutoka mbali. Nje kulikuwa na watu waliokuja kuomba vibali vya kuni. Mwindaji alisimama, akavua kofia, akasema mwanawe ametega na kumwua paa mwenye mimba, na amekuja kusema mwenyewe. Kijana akasema. Kisha Mwindaji akamchukua kuku, akamweka mezani juu ya makaratasi.

"Mzee, hii kuku ni ya nini?"

"Ya kumaliza maneno."

Kwa mtu wa kwetu aliyezeeka neno hilo lina maana moja. Kwa mkubwa yule, na kwa wale waliokuwa dirishani wakichungulia, lilikuwa na maana nyingine kabisa.

"Unanipatia kuku ndio niachilie mtu ameua mnyama ya serikali?"

"Si ya kukupatia," Mwindaji akasema. "Ni ya kukula. Sisi wote. Wewe, mimi, na yeye."

"Mbele ya watu wote hawa? Mzee, wewe ni skauti, unataka kunihonga?"

Walijaribu kumweleza. Kadiri walivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana rushwa, na kadiri watu walivyozidi kuchungulia ndivyo mkubwa alivyozidi kuhitaji kuonekana mtu safi. Kijana akatiwa pingu. Na mkubwa yule sitamlaumu, ingawa nimejaribu. Alikuwa mtu mwaminifu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: kama wangemkuta mla rushwa, kuku angeliwa, na kijana angekunywa chai yangu ingali moto.

Mwindaji alirudi peke yake, kuku kwapani. Alisimama mbele ya kibanda, akaniangalia, akaiangalia birika. "Wamekataa kuku," akasema. Alisema hivyo kama mtu anayeniuliza kitu. Nililia mimi, yeye hakulia.

Kesi ilisikilizwa mjini, na kwa kuwa kijana alishakiri mwenyewe hapakuwa na mengi ya kusikiliza. Alifungwa miaka kadhaa. Baba yake alikwenda kila siku ya kesi amevaa buti zake za kanisani, na kila mara alijaribu kumwambia mtu, karani, askari wa mlangoni, yeyote, kwamba alikosea jinsi ya kumleta, kwamba hakumleta kwa ajili ya haya. Waliita kesi za watu wengine. Mke wa kijana alirudi kwao Matungu na mtoto mchanga mgongoni, na kuku yule mwekundu alizeeka uani pasipo mtu kumgusa.

Kuna jambo nalikumbuka kwa hasira kuliko kesi. Chifu aliitisha baraza la mazingira, wakubwa wakaja, wakasimama kuhutubia, na mmoja wao akamwita Mwindaji mbele. Akasema huyu mzee ni mfano kwa kaunti nzima, kwa maana alipenda msitu kuliko damu yake, akamtoa mwanawe mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Nilimwona pale mbele, mikono imening'inia, kofia mkononi, akipigiwa makofi kwa kitu ambacho hakukifanya. Hakumtoa mwanawe. Alimpeleka ili amrudishe. Nilitaka kusimama niseme, na wanawake wawili wakanivuta gauni nikae. Aliondoka kabla soda hazijagawiwa, na watoto wakampigia makofi mpaka barabarani.

Kijijini waligawanyika. Wengine walisema aliuza mtoto. Walevi walimwimbia njiani. Yeye aliendelea kwenda msituni kila asubuhi, akakohoa, akangoja, akaingia. Nilidhani ataacha. Nilimwambia aache, nikamwambia hivi huoni kwamba kitu hicho kimekula nyumba yako. Alisema, "Sasa paa alinikosea nini?" Na akaenda.

Kijana alipotoka jela hakuja nyumbani. Alikwenda Matungu kwa mkewe, akawa anakata miwa. Miaka ilipita, na baba yake hakumtaja, ila nilianza kuona kwamba kila pikipiki iliyopunguza mwendo njiani kwetu ilimfanya anyanyue kichwa. Nilipokwenda Matungu kumzika shangazi yangu, nilimtafuta. Nilimkuta shambani, uso mweusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa, amekomaa mabega, ameanza mvi. Alinipeleka kwake, mkewe akapika chai na ndizi, na alinitunza vizuri hata nikaona vigumu kuanza maneno ya baba yake. Nilipoanza, aliweka kikombe chini.

"Mama, jela si kitu. Watu wanafungwanga, wanatoka, wanasahau. Lakini mimi sikushikwa. Mimi nilipelekwa. Nilibeba hiyo kuku mwenyewe nikamfuata nyuma kama mtoto wa nasari."

"Hakujua," nikamwambia. "Unajua hakujua."

"Najua. Basi aseme. Aseme tu alikosea kunipeleka, maneno iishe. Siku hiyo hiyo nitapanda gari nikuje."

Nilirudi na maneno hayo nikiyabeba kwa furaha. Nilidhani ni mepesi. Mwindaji alinisikiliza akiwa anachonga mpini wa jembe, na alikata polepole zaidi na zaidi mpaka akaacha.

"Kwa kuku nilikosea," akasema mwishowe. "Kwa paa sikukosea. Nikisema sikufaa kumpeleka, basi hii miaka yote nimekuwa nikizunguka huko nikitafuta nini?"

"Mzee, sema tu! Nani atakupima moyo?"

"Yeye atanipima," akasema. "Mimi sikumfundisha kudanganywa."

Nilimkasirikia. Nilimwambia maneno ambayo mwanamke wa rika langu hapaswi kumwambia mzee, kwamba atazikwa na paa, kwamba paa ndio watakaolia. Alikubali yote kwa kichwa. Kisha akarudi kuchonga mpini.

Baadaye miguu ilianza kumvimba, pumzi ikawa fupi. Kikundi kikamweka kijana mwingine, na yeye akawa anakaa ndani, kwenye kitanda kilichosogezwa karibu na mlango. Nilimpelekea uji. Mchana mmoja wa mvua nilimwona midomo imegeuka rangi, na nikampigia simu mwanawe bila kumwomba mtu ruhusa. Nikamwambia kama ni kuja, aje sasa.

Alikuja kesho yake, saa za mchana. Aliingia, akatafuta kiti, akakaa mbali na kitanda.

"Habari yako, mzee."

Si Baba. Mzee, kama anavyosalimiwa mtu yeyote barabarani. Nilimwona Mwindaji akilipokea neno hilo. Akaitika kwamba ni nzuri. Akauliza kama yule mjukuu wake msichana anasoma. Anasoma. Akauliza kama Matungu mvua imefika. Imefika. Nikawamiminia chai, wakanywa. Nilikaa kwenye mkeka nikiomba kimoyomoyo, nikimwambia Mungu asiwaache hawa watu wawili wanywe chai tu. Kijana alimaliza kikombe, akasimama.

"Basi, nimekuona. Wacha nirudi, nimeacha miwa chini."

"Kaa," Mwindaji akasema.

Kijana hakukaa, lakini hakuondoka pia.

"Nilikosea."

"Ulikosea nini?"

"Kukupeleka." Pumzi ilimkata, akangoja irudi. "Ningefungua tu ile waya. Ningezika yule paa, ninyamaze. Saa hii ungekuwa hapa, mtoto yako angekuwa hapa. Acha hiyo msitu iishe. Acha wanyama waishe wote. Wewe ungekuwa hapa."

Sikuamini kwamba nimeyasikia maneno hayo kutoka kinywa kile. Kijana aliporomoka chini, mwanaume mzima, akaishika ile miguu iliyovimba akaweka uso juu yake. "Baba, basi," alisema. "Baba, imeisha. Imeisha, Baba." Walilia pamoja, na mimi nikatoka nje nikalilia mvuani. Baadaye walikula kwenye sahani moja, obusuma na mboga nilizoleta, na kijana alimlisha kwa mkono wake. Alipoondoka kuwahi gari aliahidi kumleta msichana Jumapili. Alitembea kwa wepesi, nilimtazama mpaka akapinda njia.

Nilirudi ndani kuosha vyombo. Moyo wangu ulikuwa umejaa. "Mzee," nikasema, "leo Mungu amekuona."

Akasema, "Umesikia venye nimemwambia?"

"Nimesikia, na nimefurahi."

"Nimemdanganya."

Niliacha kuosha.

"Akitega tena leo, nitampeleka tena kesho," akasema. "Nimejaribu kuwa mtu mwingine, mama, nimekaa kwa hii kitanda nimejaribu. Imenishinda. Lakini yeye ni wangu. Nimechoka kukaa bila yeye." Akanitafuta kwa macho. "Usimwambie."

Nikamwahidi. Hakuifikia Jumapili ile, na ahadi nimeishika; ndiyo sababu hapa hakuna jina la mtu, na njia ya kwenda kwake nimeipindisha kidogo. Lakini mchana ule bado alikuwa na pumzi ya kusema, na alijigeuza taratibu akaelekea ukutani, mabega yakimtikisika, nami nikakaa kando ya kitanda nikamshika mkono.

"Sikuwahi kumdanganya huyu mtoto," akasema. "Hata ile siku nilimwambia tutarudi, sikuwa nadanganya."